Unaposikia Maharage Yamemwagika: Vidokezo vya Nahau za Kiingereza kwa Watu wa Kiyovu

Panda kilima cha Kiyovu, jijini Kigali, asubuhi ya siku ya kazi, upite chini ya miti yake mirefu, na utasikia lugha nne kabla hujafika juu. Walinzi wa getini wanasalimiana kwa Kinyarwanda. Mzee aliyeketi barazani kwenye hoteli anaagiza kahawa kwa Kifaransa. Mfanyabiashara aliyeingia jana kutoka Dar es Salaam anabishana bei kwenye simu kwa Kiswahili. Na ndani ya kumbi za mikutano za hoteli, iwe Serena au Mille Collines, Kiingereza kimekalia kiti cha mbele. Zote nne ni lugha rasmi za Rwanda, Kiswahili kikiwa cha mwisho kuongezwa, mwaka 2017.

Kiingereza kilikuja kwa kasi. Oktoba 2008 serikali iliamua kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia shuleni. Novemba 2009 Rwanda ikaingia Jumuiya ya Madola, na Juni 2022 viongozi wa Jumuiya hiyo wakakutana Kigali. Watu waliosoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza wakajikuta wakiandika mihtasari ya vikao kwa Kiingereza wakiwa tayari na mvi. Msamiati waliupata, sarufi wakaifukuzia mpaka wakaikamata. Kinachowasumbua hadi leo ni nahau: yale maneno ambayo ukiyajua moja moja bado hujaujua ujumbe.

Kama ulisoma kwa Kifaransa, au ulilelewa kwa Kiswahili Biryogo, Bukavu au Kigoma, na leo mshahara wako unategemea Kiingereza, vidokezo hivi ni vyako.

1. Kuelewa ni lazima, kutumia ni hiari

Ukishika hiki kimoja ukaacha vingine vyote, umefaidika. Hakuna atakayekulaumu kwa kusema "it was easy" badala ya "it was a piece of cake". Lakini mwenzako akikuambia kazi fulani ni "a piece of cake" nawe ukadhani kuna keki, mazungumzo yameshakupita. Kwa hiyo mafunzo yako yaanze masikioni. Mdomo utafuata wenyewe.

Anza na zile za kikao, kwa mpangilio wa kikao chenyewe. Mwenyekiti ataanza kwa "let's break the ice", yaani watu wazoeane, waondoe ugeni. Kisha "let's get the ball rolling", tuanze kazi. Katikati mtu ataulizwa kama wote wako "on the same page", maana yake je, wanaelewana? Akitakiwa "a ballpark figure", anaombwa makisio tu; asihangaike kutafuta ankara yenye hesabu kamili. Kilichoko "in the pipeline" kiko njiani, hakijafika. "Keep me in the loop" ni ombi la kujulishwa kila hatua. Anayeshutumiwa kwa "cutting corners" amelipua kazi. "Back to square one" ni habari mbaya: tunaanza upya kabisa. Na mwishoni, "let's call it a day", tukunje jamvi.

Moja uiangalie kwa jicho kali: "the ball is in your court". Imetoka kwenye tenisi, mchezo unaoweza kuutazama kule Cercle Sportif, ukishuka upande wa Rugunga. Husemwa kwa sauti laini, hata kwa tabasamu, lakini ina uzito. Anayekuandikia hivyo kwenye barua pepe anakuambia kwamba yeye amemaliza sehemu yake, na kuanzia dakika hiyo ucheleweshaji wowote utaandikwa kwa jina lako.

2. Zijue zinazosema hapana kwa upole

Kidokezo hiki nakiona cha thamani kuliko vyote kwa wanaoandika maombi ya fedha na zabuni. Waingereza hukataa bila kulitaja neno "hapana", na Wanyarwanda wengi nao hawapendi kumkatalia mtu usoni. Tatizo ni kwamba kila upande una njia yake ya kufanya hivyo.

Ukiambiwa pendekezo lako liko "on the back burner", usirudi nyumbani ukiwa na furaha. Sufuria imesogezwa kwenye jiko la nyuma ambako hakuna anayeiangalia. Huenda ikarudishwa mbele, huenda isirudishwe. "It's a long shot" maana yake uwezekano ni mdogo sana. "It's up in the air" ni kwamba hakuna aliyeamua chochote. "Don't hold your breath" ni ushauri wa rafiki: usikae ukingoja, halitatokea karibuni. "We'll cross that bridge when we come to it" inakuambia kwamba swali lako halitajibiwa leo.

Zipo za upande wa pili pia. "The green light" ni ruhusa ya kuanza. "A done deal" ni jambo lililokwisha, watu wametia saini. Na "nothing is set in stone" ni habari njema kwa mwenye hoja, kwa sababu bado kuna nafasi ya kubadilisha mambo. Mtu anayezitofautisha hizi hukataa kuajiri vibarua kabla ya wakati, na hilo peke yake linaweza kuokoa biashara ndogo.

3. Ishike nzima, usiikate vipande

Wewe Mswahili hili unalijua tangu utoto. Aliyepata jiko ameoa, na ukisema amepata meko umeharibu. Mwenye mkono wa birika ni bahili. Hatuna mtu mwenye mkono wa sufuria. Aliyekula chumvi nyingi ni mzee, hata kama daktari alimkataza chumvi miaka ishirini iliyopita. Nahau ya Kiingereza nayo haikubali kubadilishiwa kiungo.

Jambo linalowatesa wanafunzi ni neno moja linalozaa nahau nyingi zisizofanana. Chukua mpira, "ball". Aliye "on the ball" yuko macho, anafuatilia kazi yake. Aliye "having a ball" anastarehe. Anayesemwa kuwa "dropped the ball" ameshindwa kutimiza alichokabidhiwa. Asiyetaka "to play ball" hataki kushirikiana. Au chukua maji: hoja inayoweza "to hold water" ina mashiko, lakini mtu aliye "in hot water" yuko matatani. Ndiyo maana kuandika orodha ya maneno peke yake hakusaidii. Andika kirai chote, na ukisome chote.

4. Tafuta ndugu yake katika lugha uliyonyonya nayo

Hapa ndipo penye utamu wote. Mtu wa Kigali ana bahati ambayo mwanafunzi wa London hana: ana lugha tatu au nne za kulinganishia. Nahau mpya ikija, usiiandikie tafsiri. Itafutie ndugu yake.

Kiingereza kinamkanya mnunuzi asinunue "a pig in a poke", nguruwe ndani ya mfuko. Kifaransa kinamkanya asinunue "un chat en poche", paka mfukoni. Sisi tunamkanya asiuziwe mbuzi kwenye gunia. Mnyama amebadilika, ila utapeli ni uleule.

Aliyetoboa siri, kwa Kiingereza "he spilled the beans", amemwaga maharage. Kwetu amemwaga mtama penye kuku wengi. Punje zimeanguka huku na huku! Aliye hatarini bila kujali yuko "skating on thin ice", anateleza juu ya barafu nyembamba. Mtu wa Pwani hakuwahi kuona ziwa lililoganda, lakini aliona mgema akipanda mnazi, kwa hiyo akasema huyu amekalia kuti kavu. Anayemsifia bosi ili apate kitu, "he butters him up", kwetu anamvisha kilemba cha ukoka. Na yule anayekuhadaa, "he pulls the wool over your eyes", amekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukizipanga hivi mbili mbili hazitatoka kichwani, kwa kuwa ya pili ilikuwa imeshakaa humo tangu bibi yako alipoisema.

Waliosoma kwa Kifaransa nao wana hazina yao. Mvua kubwa kwa Kiingereza ni "cats and dogs", paka na mbwa. Kwa Kifaransa ni kamba, "il pleut des cordes". Kitu cha ghali kinamgharimu Mwingereza mkono na mguu, "an arm and a leg". Kinamgharimu Mfaransa macho ya kichwani. Lisilowezekana litatokea nguruwe watakaporuka, "when pigs fly", au kuku watakapoota meno. Na ipo moja inayofurahisha kuliko zote: kuondoka kwenye sherehe bila kuaga, Mwingereza anakuita "French leave", akiwalaumu Wafaransa, Mfaransa anakuita "filer à l'anglaise", akiwalaumu Waingereza.

Angalia tu ndugu wa uongo. Kutia chumvi kwetu ni kazi ya msemaji: ameongeza maneno. Kwa Kiingereza ni msikilizaji anayepokea habari "with a pinch of salt", yaani bila kuiamini yote. Chumvi ni moja, ila ameishika mtu mwingine.

5. Fungua Bibiliya

Rwanda ni nchi ya wasomaji wa Bibiliya Yera, na nahau nyingi za Kiingereza zilisambaa kupitia tafsiri ya Biblia ya Mfalme James, iliyochapwa mwaka 1611. Maana yake ni kwamba hadithi zake unazo tayari. "The writing on the wall", dalili za wazi za maangamizi, ni ule mkono ulioandika ukutani kwa Belshaza, Danieli sura ya 5. "Feet of clay", udhaifu uliofichika wa mtu anayetukuzwa, ni ile sanamu ya ndoto ya Nebukadneza, sura ya 2 ya kitabu hichohicho. "A drop in the bucket", kiasi kisichotosha kitu, iko Isaya 40. "A fly in the ointment", kasoro ndogo inayoharibu jambo zima, ni inzi wa Mhubiri 10. Aliyepona "by the skin of his teeth", yaani chupuchupu, anazungumza kama Ayubu katika sura ya 19.

Soma sura hiyo kwa Kinyarwanda au Kiswahili jioni, kisha uitafute kwa Kiingereza. Sioni darasa la bei nafuu kuliko hilo.

6. Shakespeare naye, lakini kwa mlango wa Nyerere

"Green-eyed monster" kwa wivu, "wild goose chase" kwa safari ya bure, "it's Greek to me" kwa jambo usilolielewa hata kidogo: zote zimo katika tamthilia zake. Kumsoma moja kwa moja ni kazi ngumu hata kwa Waingereza wenyewe. Msomaji wa Kiswahili ana njia ya mkato: Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar, ikatoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Weka Kiswahili chake mkono mmoja na Kiingereza mkono wa pili.

7. Tazama mpira ukiwa na kalamu

Hapa wanaume wengi wa Kigali na wanawake wengi vilevile hawahitaji kubembelezwa. Tangu mwaka 2018, maneno ya kuitangaza Rwanda yalipoanza kuonekana kwenye mkono wa jezi ya Arsenal, ligi ya Uingereza imezidi kuwa jambo la nyumbani. Wachambuzi wake huongea kwa nahau mwanzo hadi mwisho, na nyingi zimeshahamia ofisini. "To move the goalposts" ni kubadilisha masharti mtu akiwa ameshaanza kuyatimiza. "An own goal" ni kujifunga mwenyewe, na wanasiasa hufanya hivyo kila wiki. "A level playing field" ni ushindani wa haki.

Ipo moja iliyosafiri sana. Septemba 2004, Chelsea walipotoka sare ya bila kufungana na Tottenham, José Mourinho alilalamika kwamba wapinzani waliegesha basi mbele ya goli, akasema ndivyo wanavyosema kwao Ureno. Kiingereza kikaipokea kama "park the bus". Leo msikilize mtangazaji wa Kiswahili wa Dar es Salaam: timu "imepaki basi". Mreno ameisema, Mwingereza akaisambaza, Mswahili akaipa kiambishi.

Kriketi pia inafaa kujulikana, hasa ukifanya kazi na Wahindi, Wapakistani au Waingereza. Kigali ina uwanja wake mzuri kule Gahanga, uliofunguliwa mwaka 2017. Aliyekuwa "hit for six" amepigwa na mshtuko mkubwa. Aliye "on a sticky wicket" yuko pagumu. Upande wa Wamarekani, tafuta maana kwenye besiboli. "Touch base" ni kuwasiliana kidogo, "a curveball" ni jambo la ghafla lisilotarajiwa, na "I'll take a rain check" ni kuukataa mwaliko wa leo kwa kuuahirisha. Asili yake ni tiketi ya kurudi siku nyingine mchezo ulipovunjwa na mvua. Ukiisikia Kiyovu mwezi Aprili, usichungulie dirishani.

8. Uliza kwanza: Mwingereza au Mmarekani?

Kirai kimoja kinaweza kuvunja kikao. Mwingereza akisema "let's table this", anataka jambo lijadiliwe sasa. Mmarekani akisema maneno hayohayo, anataka liwekwe kando. Winston Churchill alisimulia katika historia yake ya Vita vya Pili vya Dunia jinsi maofisa wa pande hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu, hata kwa uchungu, juu ya neno hili, mpaka wakagundua kwamba wote walitaka kitu kimoja. Aliyesoma kwa Kifaransa atafuata upande wa Uingereza bila kujijua, maana kwake kuweka jambo mezani ni kulileta mbele ya watu. Kama wewe ndiye mwandishi wa muhtasari, usiliandike kabisa neno hilo. Andika "discuss now" au "postpone", na hakuna atakayekupigia simu Jumatatu.

9. Penda hadithi za asili, lakini zipime

Rwanda ina utamaduni mzima wa kufuatilia misemo ilikotoka: insigamigani, misemo iliyozaliwa na mtu fulani au tukio fulani, na masimulizi yake yamekusanywa katika kitabu cha Ibirari by'insigamigani. Mwenye malezi hayo atajifunza nahau ya Kiingereza kwa urahisi akipewa kisa chake.

Kizuri na cha uhakika ni "to read the riot act", kumkaripia mtu na kumpa onyo kali. Ilikuwa sheria ya kweli. Ilipitishwa na Bunge la Uingereza, ikaanza kutumika mwaka 1715. Watu kumi na wawili au zaidi wakikusanyika kwa fujo, ofisa aliwasomea tangazo. Wasipotawanyika ndani ya saa moja, walihesabiwa kuwa wahalifu wakubwa. Sheria imekufa, usemi umebaki, na leo mama anaweza kuwasomea watoto wake kwa sababu ya chumba kichafu. "Red tape", urasimu, imetokana na utepe mwekundu uliofungia majalada ya serikali. "To meet one's Waterloo" ni kushindwa moja kwa moja, kama Napoleon mwaka 1815. "To cross the Rubicon" ni kufanya uamuzi usiorudishika, kama Julius Caesar alipovuka mto huo na jeshi lake mwaka 49 kabla ya Kristo.

Zingine hazina asili inayojulikana, na watu huzitungia. Kile kisa cha paka na mbwa walioteleza kutoka kwenye mapaa ya nyasi wakati wa mvua kimezunguka duniani kote bila ushahidi wowote. Kama kisa kinakusaidia kukumbuka, kitumie kimoyomoyo. Usimfundishe mtoto kama historia.

10. Kuna mahali pa kuzinyamazisha

Hili naliomba kwa moyo wote. "Kick the bucket" ni kufa, na ni usemi wa mzaha. Usiuweke kamwe kwenye barua ya rambirambi, hata kama kamusi imekuandikia maana sahihi. Andika "passed away". Kinyarwanda kina heshima kubwa katika eneo hili: marehemu ameitika wito wa Mungu, "yitabye Imana", na mfalme alikuwa na kitenzi chake mwenyewe, "yatanze". Mtu aliyelelewa katika adabu hiyo hawezi kupokea habari za ndoo iliyopigwa teke.

Nenda mbele zaidi. Kiingereza cha biashara kimejaa damu bila wasemaji wake kuiona. Aliyepata faida kubwa "made a killing". Wakubwa wakiwajibishwa, "heads will roll". Anayepinga jambo atasema "over my dead body". Huko kwao zimefifia. Huku, kila tarehe 7 Aprili nchi inaanza Kwibuka, kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, na siku mia moja zinazofuata zina watu waliokaa nawe meza moja ambao maneno hayo kwao hayajafifia wala hayatafifia. Usiyatumie wakati huo, na mimi ningesema usiyatumie Kigali wakati wowote. "We made a good profit" inatosha kabisa. Ukimpokea mgeni mpya ofisini, mwambie hili siku yake ya kwanza, faragha na kwa upole.

11. Kiingereza chetu kina nahau zake, zitunze

"You are lost!" atakuambia rafiki kutoka Kampala akikukumbatia, naye hana maana kwamba umekosa njia. Ni umepotea, hujaonekana siku nyingi. "Slowly by slowly" ni polepole, ni "buhoro buhoro" ya Kinyarwanda, na ina mdundo ambao "gradually" haina. "Sorry" ya kwetu ni pole: husemwa hata na asiye na kosa, mwenzake akijikwaa kwenye ngazi. Zungumza hivi na jirani zako wa Afrika Mashariki bila aibu yoyote. Ukiwa na mgeni wa Manchester, mfafanulie mara moja, naye atashukuru.

12. Andika nani alisema, wapi, kwa sauti gani

Daftari lenye nahau na maana tu ni nusu ya kazi. Ongeza msemaji na mahali. "Mhasibu, kwa mkurugenzi, akicheka." "Wakili, kwenye barua, akiwa amekasirika." Baada ya muda utaona zipi wakubwa huwaambia wadogo na kamwe si kinyume chake, zipi huandikwa, zipi husemwa tu kwenye kahawa. Hakuna kamusi itakayokupa hilo. Nahau chache kwa wiki zinatosha. Ukikosa za kusikia, soma safu za maoni na kurasa za michezo za gazeti la The New Times, au panda hadi Kacyiru kwenye Maktaba ya Umma ya Kigali, ambayo iko wazi kwa wasomaji tangu 2012.

13. Uliza, na ukiulizwa jibu vizuri

Sentensi moja inatosha: "Sorry, what exactly do you mean by that?" Iseme kwa utulivu, kama mtu anayejali kazi. Mara nyingi utawaona wengine watatu mezani wakishusha pumzi, kwa kuwa nao hawakuelewa.

Ninyi mliozaliwa na Kiingereza au kulelewa nacho, mliotoka Nairobi, Kampala, London au Toronto na sasa mnaongoza vikao vya Kiyovu, mna sehemu yenu. Mbele yenu wameketi watu wanaofanya kazi kwa lugha yao ya tatu au ya nne, na wanaifanya vizuri. Kabla ya kumaliza kikao, rudieni maamuzi kwa maneno ya kawaida: nani atafanya nini, lini, kwa fedha kiasi gani. Kila mtu atoke mlangoni akijua kazi yake.